Je, wajua kwa nini Kilwa ilitajirika kwa dhahabu isiyokuwa yake?

Kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe katika nchi ya Zimbabwe ya leo, mamia ya kilomita kutoka baharini, ilifukuliwa sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14. Sarafu hiyo ilikuwa imeifuata njia ya dhahabu kinyumenyume. Dhahabu ilitoka huko bara, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, kisha ikapakiwa kwenda kaskazini mpaka Kilwa. Kilwa yenyewe, kisiwa kidogo mkoani Lindi, haina mgodi hata mmoja. Ilipataje basi msikiti wenye kuba na kasri la vyumba zaidi ya 100?

Anza na upepo. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi ya Arabuni, Ghuba na India huteremka na pwani yetu. Kusi ikianza kuvuma, mnamo Aprili, huyarudisha kwao. Nahodha akitia nanga Kilwa anapata nafasi ya kuuza, kununua na kuondoka na kusi ya mwaka uleule. Akitaka kwenda mpaka Sofala, msimu unamkatikia njiani, naye atakaa ugenini miezi na miezi akiwalisha mabaharia wasio na kazi. Watu wa Kilwa wakaifanya safari ya kusini wao wenyewe: vitambaa na shanga vikaenda, dhahabu na pembe za ndovu zikarudi. Mgeni alikuta mali imeshafika, inamngoja.

Ila upepo huo haukuwa siri ya Kilwa peke yake. Kabla yake, Mogadishu ndiyo iliyokuwa na biashara ya Sofala mkononi. Masimulizi ya zamani yaliyoandikwa na Mreno mmoja yanasema mvuvi wa Kilwa alinasa samaki mkubwa aliyemburuta yeye na chombo chake hadi Sofala, akawakuta watu wa Mogadishu wakinunua dhahabu, akarudi kumwambia sultani wake. Kama hadithi za wavuvi zilivyo, usiulize samaki alikuwa wa urefu gani. Lililo wazi ni kwamba Kilwa iliishika Sofala, na ikashika ushuru. Barua ya Mreno ya 1506 inaeleza kuwa mfanyabiashara akifika Sofala alitoa kitambaa kimoja katika kila saba kwa ajili ya mfalme wa Kilwa, na akirudi alilazimika kupita Kilwa na kulipa mithkali 50 katika kila mithkali 1,000 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha kale cha uzito wa dhahabu). Hapo hujahesabu alichotozwa alipoingia Kilwa mara ya kwanza.

Kwa nini mtu akubali kutozwa hivyo na bado arudi mwaka unaofuata? Hapa ndipo dini inapoingia, na kwa maoni yangu ndicho kiungo ambacho wengi hukiruka. Tajiri wa Aden akikopesha shehena mahali asipo na ndugu, anataka kujua akidhulumiwa atamshitaki nani. Katika mji wa Kiislamu alikuta kadhi, sheria ya mikataba na mirathi anayoijua, na safu ya Ijumaa ambamo mdeni wake angesimama bega kwa bega naye. Hata sarafu zilisema hivyo: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya Kiarabu kwamba anamtegemea Mola, na pande hizo mbili zina vina. Watu wa pwani na vina, mapenzi hayo hayakuanza jana.

Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, akamkuta huyohuyo al-Hasan, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja sultani alipotoka kuswali Ijumaa, fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, tena saa ileile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, mtoa hotuba ya Ijumaa, akavaa nyingine, akamwachia zile. Watu wakamsifu mno. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia sifa zilivyozidi, akaamuru aongezwe kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Watumwa hao walikuwa watu, na msafiri huyo anataja pia mashambulizi ya sultani huko bara, ambako ngawira zilitoka. Sifa za ukarimu zilikuwa na waliozilipia.

Anataja jambo jingine dogo: zawadi za nchi ile zilikuwa pembe za ndovu, dhahabu ilitolewa kwa nadra. Nadhani sababu ni kwamba dhahabu ilikuwa ya kupita, na pembe ndiyo ya kugawa. Kwa kugawa, sultani aliwavuta masharifu, wazao wa Mtume, kutoka Iraki na Hijazi, na mji wenye masharifu uliaminika zaidi. Alipokufa, nduguye Daud alikuwa kinyume chake. Maskini akimjia, alimjibu kwamba mtoaji amekufa wala hakuacha kitu cha kutoa.

Wareno waliielewa njia hii haraka. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi kwa dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji na kujenga ngome, na mwaka huohuo Wareno wakajenga nyingine Sofala, ambako dhahabu ilianzia safari yake ya baharini. Ile ya Kilwa waliiacha 1512, maana mwenye Sofala hakuwa tena na haja ya kisiwa.

Dhahabu ya kodi ile ya 1502 ipo mpaka leo. Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza itengenezwe chombo cha kuwekea ekaristi kwa ajili ya monasteri ya Belém, kikakamilika 1506. Kiko kwenye jumba la makumbusho mjini Lisbon, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka.