Leza ya mlango ikichanika, anza na maji

Gari la zamani likiingia kwangu Nyakato, Mwanza, na leza ya mlango imechanika, yaani ile ngozi bandia inayofunika mlango kwa ndani, sishiki gundi kwanza, nashika kopo la maji. Nafunga mlango, namimina maji taratibu kwenye kioo kwa nje, kisha nainama kuangalia chini. Maji yanatakiwa yatoke kwenye vitundu vya ukingo wa chini wa bati. Yakigoma kutoka, au yakilowesha kapeti, chanzo tumeshakipata na hatujafungua hata skrubu moja.

Wenye magari hushangaa wakisikia kwamba mlango umeundwa upitishe maji. Raba iliyo chini ya kioo inapunguza tu. Mvua inayopenya hushuka ndani ya bati na kutokea kwenye vile vitundu. Kinachoikinga paneli, yaani ubao wa ndani wa mlango uliovikwa leza, ni nailoni iliyobandikwa kwenye bati kwa ulimbo mweusi. Sasa fundi akifungua mlango kubadilisha mashine ya kioo, nailoni ile anaichana na kuitupa, maana haionekani na hakuna atakayeiulizia. Mvua za vuli zikiisha, hadibodi iliyo nyuma ya leza imeshanyonya maji, imevimba na gundi imeachia. Leza iliyoachia haina pa kuegemea, kwa hiyo kiwiko cha dereva kinamalizia kazi. Kwa ninayoyaona hapa kwangu, magari yanayobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba ndiyo yanaongoza, kwa sababu yanaoshwa kwa mpira mara kwa mara, mvua iwepo isiwepo.

Jua nalo lina lake. Plastiki ya leza, PVC, ni ile ile ya mabomba ya maji, ila imechanganywa na vilainishi vinavyofanana na mafuta. Joto la gari lililofungwa vioo huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, na sehemu yake ndiyo ule ukungu wenye utelezi unaoufuta kwenye kioo cha mbele. Leza ikikaukiwa, inasinyaa na kupasuka.

Kutoa paneli kunahitaji utulivu. Corolla nyingi za vioo vya kuzungusha zina kispringi chembamba kilichojificha nyuma ya hendeli ya kioo. Pitisha kitambaa kikuukuu kati ya hendeli na paneli, kivute huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, hadi nyuzi zikinase kispringi na kukichomoa. Kinga kwa mkono, maana kinaruka. Kwenye klipsi zinazoshikilia paneli kwenye bati, ingiza bisibisi bapa karibu nayo kabisa. Ukivutia mbali, klipsi inabaki kwenye bati na kipande cha hadibodi.

Mpasuko mdogo nausafisha kwa sabuni, halafu spiriti. Kama dashibodi na milango imepakwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni, narudia kusafisha, kwa sababu juu ya silikoni hakuna gundi wala rangi itakayoshika. Kisha naingiza nyuma ya mpasuko kiraka cha kitambaa cha pamba kinachozidi kingo zake pande zote, nazikutanisha kingo bila kuzipandanisha, na pengo nalijaza kwa dawa ya leza inayobaki laini ikikauka, tabaka jembamba moja baada ya jingine. Tabaka la mwisho likiwa bado bichi, nalikandamiza kwa muhuri wa silikoni niliounakili kwenye leza nzima iliyo chini ya egemeo la mkono, ili vinyweleo, yaani michoro midogo ya uso wa leza, vifanane. Rangi ya leza hupulizwa mwisho, kidogo kidogo.

“Fundi, si uweke supagluu tu?” Hapana, bosi. Inakauka ikawa ngumu, na leza itapasuka upya pembeni yake. Gundi ya soli nayo hushika vizuri mwanzoni, halafu vilainishi vya leza vinailegeza, hasa gari likishinda juani kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Natumia ya poliyurithani: paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike. Mvua ikinyesha naahirisha. Leza iliyosinyaa naipasha kwa draya ya saluni mpaka ilegee, ndipo naivuta. Kiberiti cha gesi kisikaribie hapo, kinaifanya ing'ae na vinyweleo kupotea.

Kuna wanaotaka leza yote ing'olewe, iwekwe mpya yenye uzi mwekundu. Mimi huwa nabisha. Mistari ya kwenye paneli nyingi za zamani ilikandamizwa kiwandani kwa joto, haikushonwa, na cherehani yangu hairudishi sura ile. Kama hadibodi ni nzima, leza ya awali ibaki.

Hadibodi ikimumunyuka ukiibonyeza kwa kidole gumba, hapo sibishani. Nachora mpya ya milimita 3 kwa kufuata ile ya zamani, natoboa matundu ya klipsi pale pale, halafu napaka vanishi pande zote, kingo mara mbili kwa kuwa ndiko maji yanakoanzia. Nailoni yoyote nene inafaa, mradi ibandikwe kuzunguka na ukingo wake wa chini uingizwe ndani ya bati, ili tone likishuka lirudi kwenye vitundu. Wapo wanaoniomba niiache nailoni ili bei ishuke. Napunguza kwenye rangi, nailoni siitoi.