Je, wajua kwa nini chuo cha mtandaoni kinakupigia simu kila siku wakati chuo cha serikali hakikutafuti hata mara moja?

Kama unaishi Marekani na umewahi kuacha namba yako kwenye tovuti yoyote ya "tafuta kozi inayokufaa", basi unajua kinachofuata. Hata chai hujamaliza simu inaita, sauti ya upole inakuuliza unafanya kazi gani, una watoto wangapi, ndoto yako ni nini, na usipopokea wanarudia jioni, kesho tena, keshokutwa tena. Wakati huohuo komyuniti koleji ya mtaani kwako, kile chuo cha umma cha miaka miwili unachopita ukienda kazini, hakijui hata kama upo, na ukienda mwenyewe unapanga foleni, unapewa fomu, unaambiwa mshauri hayupo leo. Sasa mtu aliyetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, amechoka, anataka kuwa nesi kamili, ataona nani anamjali? Yule anayepiga simu bana. Na hapo ndo watu wetu wengi wameingia kwenye madeni, kwa hiyo naomba tulielewe hili jambo vizuri, maana jibu lake lote liko kwenye njia ambayo hela inapita.

Marekani ina vyuo vya aina tatu. Kuna vya umma, kuna vya binafsi visivyogawana faida kama Harvard, alafu kuna vya biashara, yaani kampuni kabisa, yenye wenye hisa wanaosubiri gawio. Kwenye aina hii ya tatu, chuo kimoja kikubwa kinaitwa University of Phoenix, kilianzishwa 1976 na John Sperling, profesa aliyekuwa anafundisha San Jose State. Na huyu mzee aliona kitu cha kweli kabisa, lazima tumpe haki yake. Vyuo vya kawaida vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya kijana wa miaka 18 asiye na mtoto, asiye na shifti, anayeweza kukaa bwenini. Mtu mzima mwenye kazi hakuwa na pa kwenda. Sperling akaleta madarasa ya jioni, kozi moja kwa wakati na kwa wiki chache, na 1989 chuo kikaanza kufundisha kwa kompyuta kabla watu wengi hawajajua intaneti ni nini. 1994 kampuni mama ikaingia soko la hisa. Kufikia 2010 chuo kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 450,000.

Imewezekanaje kukua hivo? Hapa ndo pa kusikiliza kwa makini. Mwanafunzi wa Marekani (na mwenye green card pia) anaweza kupata ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, na mikopo ya serikali ya shirikisho. Ile hela inatolewa kwa jina lako lakini inaenda chuoni, wewe unabaki na deni la ule mkopo. Zamani kulikuwa na sheria kwamba chuo kinachofundisha zaidi ya nusu ya kozi zake kwa masafa hakipati hela hizo, iliwekwa 1992 baada ya wizi mwingi wa vyuo vya posta, lakini 2006 Bunge likaifuta na mlango ukawa wazi kabisa, kampuni inaweza kufundisha nchi nzima bila jengo na bado ikalipwa na serikali. Mwaka huohuo wa 2006 Phoenix ikanunua haki ya kuweka jina lake kwenye uwanja mkubwa wa mpira wa Kimarekani kule Glendale, Arizona, mkataba wa dola milioni 154.5 kwa miaka 20. Chuo chenyewe hakina timu. Hiyo ilikuwa hela ya tangazo tu, na sehemu kubwa ya mapato ya chuo ilikuwa inatoka kwenye mikopo na ruzuku za wanafunzi.

Sheria inasema chuo cha biashara hakiruhusiwi kupata zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka misaada ya elimu ya shirikisho. Asilimia 10 lazima itoke kwingine. Ila kwa miaka mingi hela za masomo za wanajeshi zilihesabiwa kama "kwingine", kwa hiyo kila mwanajeshi mmoja aliyesajiliwa alikifungulia chuo nafasi ya kuchukua wanafunzi wengine tisa wa mikopo. Ndo maana walikuwa wanawawinda hadi kambini. Holly Petraeus, aliyekuwa anasimamia masuala ya familia za kijeshi kwenye shirika la kulinda watumiaji, aliandika 2011 kwamba vyuo hivi vinamwona mwanajeshi kama alama ya dola iliyovaa sare. Huo mwanya ulizibwa kwa sheria ya 2021 na ukaanza kubana 2023, yaani juzi tu.

Sasa turudi kwenye ile simu. 2012 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Tom Harkin ilitoa ripoti baada ya kuchunguza kampuni 30 za vyuo vya biashara, na kwa mwaka wa fedha 2009 walikuta hivi: matangazo na kusaka wanafunzi vilikula asilimia 22.7 ya mapato, faida asilimia 19.4, na kufundisha, yaani ile kazi ambayo chuo kipo kwa ajili yake, asilimia 17.2. Mwaka 2010 walikuwa na wasaka wanafunzi 35,202. Watu wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi? 3,512. Mmoja kwa kumi. Ukishaona hizo namba mbili huhitaji mtu kukueleza tena kwa nini simu haiachi kuita. Afisa udahili wa chuo cha namna hii ni kama dalali wa nyumba, ukishasaini yeye kazi yake imeisha, bomba likivuja ni shida yako. Hela ya serikali inaingia ukijiandikisha, hakuna anayesubiri umalize ndo alipwe.

Na walikuwa wanafundishwa namna ya kuongea, hili ndo liliniuma zaidi nilipolisoma. Kwenye nyaraka za ITT Tech, moja ya hizo kampuni za vyuo, kamati ilikuta karatasi ya mafunzo waliyoiita faneli ya maumivu. Msakaji anaanza na maswali mepesi, hebu niambie zaidi, hali hii imekuwa hivi kwa muda gani, umejaribu kufanya nini, alafu anashuka taratibu mpaka chini kabisa anakuuliza hili jambo linakugusaje, umeshakata tamaa? Lengo ni umkumbuke mwanao, umkumbuke bosi anayekudharau, uumie, alafu hapohapo akuletee fomu. Fikiria mama mwenye watoto wawili anaulizwa hayo saa tatu usiku. Atasaini.

2010 nako ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilituma watu waliojifanya wanafunzi kwenye vyuo 15 vya biashara. Vyote 15 viliwapa maelezo ya kupotosha, na vinne viliwashawishi kabisa kudanganya kwenye fomu za misaada. Kuna chuo walimwambia mmoja wao kwamba kinyozi anaweza kupata dola 150,000 mpaka 250,000 kwa mwaka. Kinyozi jamani.

Matokeo yake? Ripoti ya Harkin ilikuta kwamba kati ya walioingia 2008 na 2009 zaidi ya nusu walikuwa wameshaacha kufikia katikati ya 2010, hawana digrii ila deni lipo. 2015 Corinthian Colleges, kampuni nyingine ya vyuo vya biashara, ikaanguka. Septemba 2016 ITT Tech ikafunga matawi yake yote kwa mpigo na wanafunzi zaidi ya 35,000 wakabaki njiani. Phoenix haikufungwa, ila 2019 ilikubali kutoa dola milioni 191, yaani milioni 50 taslimu na milioni 141 za kufuta madeni ya wanafunzi kwa chuo, kumaliza kesi na tume ya biashara ya shirikisho, FTC, iliyodai matangazo yake yaliwafanya watu waamini kwamba ina ushirikiano wa ajira na kampuni kama Microsoft na Twitter.

Alafu kuna hili la krediti, yaani zile alama unazopata kwa kila kozi uliyomaliza, ambalo watu wengi wanaligundua wakiwa wameshachelewa. Unasoma mwaka mzima, unalipa, unaamua kuhamia chuo cha serikali, wanakuambia hizi hatuzitambui anza upya. GAO ilifanya hesabu 2017 ikakuta waliohama kutoka vyuo vya biashara kwenda vya umma walipoteza kwa makadirio asilimia 94 ya krediti zao. Karibu zote! Sababu kubwa ni ithibati, vyuo vingi vya biashara vilikuwa vimethibitishwa na mashirika ambayo vyuo vya kawaida haviyaamini, na moja kati ya hayo mashirika, ACICS, lililokuwa limewapitisha ITT na matawi mengi ya Corinthian, serikali ililinyang'anya kibali 2016, likarudishiwa 2018, likanyang'anywa tena 2022.

Je, chuo cha kawaida ni safi? Hapana, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani hivo. Komyuniti koleji ada yake ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa mkazi wa eneo, ambayo Pell kamili inaimeza na chenji inabaki, lakini washauri ni wachache, madarasa ya jioni yanajaa, na wengi pia hawamalizi. Tofauti ni kwamba aliyeacha komyuniti koleji mara nyingi haachi na deni la kumfuata miaka ishirini.

Na mtandaoni kwenyewe sio tatizo, hapa ndo watu wanachanganya mambo. Chuo cha Western Governors kilianzishwa 1997 na magavana wa majimbo, kiko mtandaoni na hakigawani faida. Chuo cha Southern New Hampshire nacho hakigawani faida. Arizona State ni chuo cha umma na kina digrii kibao za mtandaoni. Sisi wenyewe Tanzania tuna Chuo Kikuu Huria, sheria yake ya 1992, wanafunzi wa kwanza 1994, mtu anasoma akiwa Songea huku anafanya kazi yake, na ni chuo cha serikali. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani anamiliki na hela inayobaki inaenda wapi.

Ila hata hapo siku hizi mpaka umekuwa na ukungu. Chuo cha biashara cha Kaplan kilichukuliwa na Purdue, chuo cha umma cha Indiana, kwa bei ya dola moja, na 2018 kikawa Purdue Global. Upande mwingine kulikuwa na kampuni inaitwa 2U ambayo iliendesha digrii za mtandaoni za vyuo vyenye majina makubwa, ikiwemo masta ya ustawi wa jamii ya USC, chuo kikuu cha binafsi cha Los Angeles, inasaka wanafunzi kwa jina la chuo na inachukua sehemu kubwa ya ada, zaidi ya nusu kwenye mikataba mingine. Mwanafunzi anadhani anaongea na USC kumbe anaongea na mtu wa kampuni. 2U iliomba ulinzi wa mufilisi 2024. Kwa hiyo jina kubwa peke yake halitoshi.

Unafanyaje sasa? Ingia College Scorecard, ni tovuti ya bure ya wizara ya elimu ya Marekani, andika jina la chuo, angalia wangapi wanamaliza, wanaondoka na deni kiasi gani, baada ya miaka wanalipwa ngapi. Alafu piga simu wewe mwenyewe kwenye chuo cha umma cha jimbo lako uulize, nikisoma pale krediti zangu mtazipokea? Waombe wajibu kwa imeili ubaki na maandishi. Kama ni unesi, na najua wengi wetu ni unesi, usimsikilize mtu yeyote kabla hujaingia tovuti ya bodi ya manesi ya jimbo lako kuona kama programu hiyo imeidhinishwa, maana bila hilo unaweza kumaliza na usiruhusiwe kukaa NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi. Na msakaji akikuambia ofa inaisha leo usiku, kata simu.

Walioko nyumbani wanaotaka digrii ya Marekani kwa mtandao wajue kwamba mikopo ile ya serikali ya kule haiwahusu, utalipa keshi, na cheti chenyewe Tanzania kinapita TCU, Kenya kinapita CUE, yaani tume za vyuo vikuu za nchi hizo. Waulize hao kabla ya kulipa hata senti.

Na kwa wale walioshaumia: mlango bado upo. 2022 serikali ilifuta dola bilioni 5.8 za watu 560,000 waliosoma Corinthian, na dola bilioni 3.9 za watu 208,000 wa ITT. Kama chuo chako kilikudanganya unaweza kuomba kufutiwa mkopo wa shirikisho kupitia studentaid.gov, fomu ni bure, usimlipe mtu akujazie. Kama kilifungwa ukiwa bado unasoma au uliacha muda mfupi kabla hakijafungwa, kuna ombi lake tofauti palepale. Mkopo wa benki binafsi haumo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo kwanza ingia kwenye akaunti yako uone deni lako ni la nani.