Kisu cha mashine ya kufyekea vichaka hakihitaji ukali wa wembe

Wengi huamini kwamba kisu cha mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta kikinolewa kama wembe kitakata vichaka vizuri zaidi. Sivyo. Kisu hiki ni kizito, na kinachovunja shina ni kishindo cha mwendo wake. Makali membamba hupinda au kumeguka yakigonga jiwe au kisiki cha kwanza tu, na chuma kimepotea bure. Noa upande wa juu pekee, ukifuata mteremko wa awali, na uache ukingo wenye unene wa takriban milimita 1.5. Visu vyote vinolewe sawa: uzito ukitofautiana, mashine hutetemeka na kuua beringi na sili za giaboksi.

Ikiwa nyasi zinachanika badala ya kukatika, angalia kwanza mizunguko ya PTO, yaani shafti ya trekta inayoendesha mashine. Mashine nyingi hutaka 540 kwa dakika. Kichaka kikiwa kizito, punguza gia, usipunguze mafuta.

Kabla ya kuingia chini kunoa, zima injini, toa funguo, subiri visu visimame kabisa, kisha egemeza mashine kwa magogo imara. Haidroliki, yaani mfumo wa trekta unaoinua mashine kwa shinikizo la mafuta, peke yake isiaminiwe kamwe.