Je, wajua kwa nini askari waliokunywa maji yenye sumu walikataliwa fidia?

Kuanzia 1953 hadi 1987, wanajeshi wa kikosi cha Marine na familia zao katika kambi ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina nchini Marekani, walikunywa, walipikia na kuogea maji yenye kemikali za sumu. Wanakadiriwa kufikia milioni moja. Dobi mmoja nje ya uzio alisafisha nguo kwa perkloroethilini, nayo ikazama ardhini hadi kwenye visima vya mtaa wa Tarawa Terrace. Upande wa Hadnot Point jeshi lilijichafulia lenyewe: matangi ya mafuta yalivuja, na trikloroethilini, dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma, ikamwagwa ovyo. Kipimo kimoja cha 1982 kilikuta sehemu 1,400 za dawa hiyo katika kila bilioni. Kiwango kinachoruhusiwa leo ni 5.

Si wangeenda mahakamani? Walikwenda. Kikwazo kikubwa kilikuwa sheria ya jimbo iliyofuta haki ya kudai miaka 10 baada ya kitendo cha mwisho cha mdaiwa. Ilihesabu tangu sumu ilipomwagwa, si tangu daktari alipokuambia una saratani. Haki ya mgonjwa ilikufa kabla ugonjwa haujazaliwa. Sajenti mstaafu Jerry Ensminger alimzika binti yake Janey, mwenye miaka 9, mwaka 1985 kwa saratani ya damu. Habari za maji alizisikia kwenye televisheni mwaka 1997. Piga hesabu mwenyewe.

Isitoshe, tangu 1950 Mahakama ya Juu ilishaamua kwamba mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yaliyotokana na utumishi wake. Mwaka 2016 kesi zikatupwa.

Vizuizi hivyo viliondolewa na Bunge, kwa sheria aliyoisaini Rais Biden tarehe 10 Agosti 2022. Aliyekaa kambini angalau siku 30, hata akiwa tumboni mwa mama, aliruhusiwa kudai ndani ya miaka miwili. Madai yalipita 400,000. Kwa wasiotaka kesi ndefu, serikali ilitenga dola 100,000 hadi 550,000, kutegemea ugonjwa na muda wa kukaa.

Malipo ya ulemavu ya kila mwezi ni njia nyingine. Tangu 2017, mstaafu mwenye mojawapo ya magonjwa 8, yakiwemo saratani ya figo na Parkinson, hatakiwi kuthibitisha kwamba chanzo ni maji. Mkewe na wanawe hawamo humo. Wao hugharimiwa matibabu tu, ingawa bomba lilikuwa lile lile.