Punje Saba za Manjano: Mahali Tunda Linapoishia na Mbegu Inapoanzia

Mwezi wa Agosti, nilipokwenda nyumbani kwetu nje ya mji wa Kakamega, nilikuta mama ameniwekea hindi moja kando, akakataa lisipukuchuliwe pamoja na mengine. Lilikuwa jeupe kama mahindi yote ya shamba lile, ila kati ya safu zake mlikuwa na punje saba za manjano zilizotawanyika huku na huku. Alitaka kujua kama aliyemuuzia mbegu alimchanganyia, kwa kuwa mimi ndiye mwanawe aliyesomea mimea na ambaye kazi hiyo imeniweka Kisumu miaka mingi. Nilimjibu palepale kwamba muuzaji hana kosa, manjano ile ilitoka ng'ambo ya uzio kwa jirani. Lakini nilipojaribu kumweleza ilifikaje, niliona kwamba jibu lote linategemea jambo ambalo watu wengi hawajaelezwa vizuri, yaani mahali tunda linapoishia na mbegu inapoanzia.

Katikati ya ua kuna ovari, na ovari imeundwa kwa kapeli moja au zaidi. Kapeli ni rahisi kuielewa ukiiwaza kama jani lililokunjwa hadi kingo zake mbili zikashikana, na ndani, kwenye kingo hizo, vikapangana vijiyai vinavyoitwa ovuli. Juu ya ovari husimama stili, na kwenye ncha ya stili iko stigma ambayo kazi yake ni kupokea chavua, ule unga wa kiume wa maua. Utungisho, yaani muungano wa seli ya kiume ya chavua na yai lililomo ndani ya ovuli, ukishafanyika, ovari hukua ikawa tunda, na kila ovuli iliyotungishwa huwa mbegu. Spishi takriban 300,000 za mimea itoayo maua hufuata mpango huu. Msaipresi tunaoupanda kuzunguka maboma yetu hauufuati: mbegu zake hukaa wazi juu ya magamba, wala hazikufungiwa ndani ya ovari, na kwa hiyo msaipresi hauna tunda hata kidogo.

Mpango huo unatupa kipimo ambacho mimi hukitumia kila siku, nacho hakihitaji maabara. Tunda lina alama mbili: moja pale liliposhikana na kikonyo, na nyingine pale stili iliponyauka na kukatika. Mbegu ina alama moja tu, kitovu, ambacho ni kovu la mahali ilipong'oka kutoka kwenye ukuta wa ovari. Kwa maoni yangu, mwanafunzi akishika kipimo hiki kabla ya kukaririshwa jedwali la majina ya matunda, majina yenyewe humjia bila taabu. Akianza na jedwali, husahau yote wiki moja baada ya mtihani.

Chukua ganda bichi la maharagwe ulitazame kwa utulivu. Upande mmoja lina kikonyo, pengine na mabaki ya ua, na upande wa pili lina ncha iliyochongoka kama mdomo wa ndege, ambayo ni masalio ya stili. Hilo ni tunda. Sasa lipasue polepole kwenye mshono ule ambao mbegu zimeshikilia. Mbegu hazitabaki zote upande mmoja. Ya kwanza itabaki kwenye nusu ya kushoto, ya pili kwenye nusu ya kulia, ya tatu kushoto tena, na kadhalika hadi mwisho. Sababu ni kwamba ganda zima ni kapeli moja, jani moja lililokunjwa, na kila ukingo wa jani ulibeba ovuli zake. Mimi nimepasua maganda ya kunde na maharagwe tangu utotoni nikimsaidia mama jikoni, na sikuliona jambo hilo mpaka nilipoonyeshwa nikiwa mtu mzima. Haragwe lenyewe, ukilitoa, lina kitovu kimoja tu, na pembeni mwa kitovu kuna kitundu kidogo ambamo mrija wa chavua ulipitia kuingia kwenye ovuli. Hiyo ndiyo mbegu.

Baada ya hapo twende kwenye punje ya mahindi iliyolowekwa usiku kucha. Kwenye ncha yake nyembamba kuna kovu la mahali iliposhikana na gunzi, na kwenye uso wenye kiini, karibu na kichwa cha punje, ukitumia kioo cha kukuzia utaona kidoa kingine kidogo. Hapo ndipo ulipong'oka unywele mmoja wa ndevu za hindi, kwa maana kila unywele wa ndevu zile ni stili ya punje moja. Hindi likikutwa na ukame wakati ndevu zinatoka, nyingi hukosa chavua, na baadaye tunavuna hindi lenye mapengo. Kila pengo ni ovari ambayo haikutungishwa. Basi punje ina alama mbili, na kwa hiyo ile tunayoiita mbegu ya mahindi ni tunda kamili. Ukuta wake ni mwembamba sana na umegandamana na ganda la mbegu hata haviachani, na ukipeleka mahindi kukobolewa, ukuta huo ndio sehemu kubwa ya pumba wanazopewa kuku. Tunda la namna hii huitwa kariopsisi, na ngano, mtama na mpunga wanalo pia. Wimbi, ingawa nao ni nyasi, una namna yake: ukuta wa tunda haukushikamana na mbegu, bali umeivika kwa kulegea na huvuka kwa urahisi.

Sasa naweza kurudi kwa zile punje saba. Mwaka 1898 mwanabotania Sergei Nawaschin alieleza kwamba katika mimea itoayo maua utungisho hutokea mara mbili ndani ya ovuli moja. Mrija wa chavua huleta seli mbili za kiume. Ya kwanza huungana na yai na kuwa kiinitete, yaani mmea mchanga. Ya pili huungana na viini viwili vya seli vilivyomo katikati ya ovuli, na muungano huo hukua ukawa endospermu, chakula cha kiinitete, chenye mafungu mawili ya urithi kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Katika mahindi, endospermu ndiyo tunayosaga tukapika ugali, na rangi ya manjano hukaa humo. Jirani alikuwa amepanda mahindi ya manjano, upepo ukaleta chavua yake, na kwa kuwa urithi wa manjano huushinda ule wa weupe, kila unywele ulioipokea ulizaa punje ya manjano juu ya hindi jeupe. Ukuta wa tunda, ambao ni mwili wa mama mtupu, haukubadilika; ni mwembamba na hauna rangi, kwa hiyo manjano iliyo chini yake huonekana. Mahindi ambayo wekundu wake umo katika ukuta huo huenda kinyume: chavua itoke popote, ganda la punje hufuata rangi ya mama.

Embe huthibitisha jambo hilohilo kwa upande wake. Ganda, nyama tunayokula na kokwa gumu lenye nyuzi ni tabaka tatu za ukuta wa ovari, na zote ni za mama, hivyo chavua ya mwembe mwingine haibadilishi urithi wa nyama hiyo. Mbegu ni kile kipande laini kilichomo ndani ya kokwa, na hiyo ndiyo yenye wazazi wawili. Anayepanda kokwa zima amepanda mbegu pamoja na ukuta wa ndani wa tunda, na ndiyo sababu mbegu iliyotolewa kwa uangalifu huota mapema zaidi. Baadhi ya aina za miembe hutoa miche kadhaa kutoka kwenye mbegu moja, na mingi kati ya miche hiyo hutokana na tishu za mama zisizopitia utungisho, kwa hiyo huzaa maembe yaleyale ya mama.

Tunda lenye nyama lisilo na kokwa huitwa beri, na humo wamo nyanya, biringanya, pilipili na hata ndizi. Kata ndizi ya Kisii katikati utazame vidoa vyeusi vilivyojipanga: hizo ni ovuli ambazo hazikuwa mbegu. Ndizi tunazokula hukuza tunda bila utungisho, ilhali ndizi mwitu hujaa mbegu ngumu. Chungwa ni beri ya aina yake, na vifuko vyake vya maji ni vinyweleo vilivyoota kutoka ukuta wa ndani wa ovari. Pera nalo lina taji kavu kwenye ncha iliyo mbali na kikonyo, ambalo ni mabaki ya sepali, vile vijani vinavyolifunika ua kabla halijachanua. Ovari yake ilikaa chini ya sehemu nyingine za ua.

Matunda makavu hugawanyika katika yale yanayopasuka yenyewe na yale yasiyopasuka. Bamia likiachwa shambani likauke hupasuka kwenye mistari yake mitano, mmoja kwa kila kapeli, na huitwa kapsuli. Kifabakazi, ule mti wa maua mekundu ya kung'aa unaopandwa kando ya barabara zetu, hufungua matunda yake juu kabisa na kuachilia mbegu zenye mbawa nyembamba kama karatasi. Gugumaji la Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, lina kapsuli pia, lakini maua yakishanyauka kikonyo hujipinda, kikayazamisha majini, na matunda huivia humo. Mbegu zake ndogo hushuka kwenye matope, ambamo zinaweza kukaa hai miaka ipatayo 20. Kwa hiyo kuondoa majani yaliyo juu ya maji ni nusu tu ya kazi, na nasema hivyo kwa uchungu kwa kuwa naijua taabu ya wavuvi wetu.

Kishona nguo kinachoganda kwenye suruali ukipita kichakani ni tunda lisilopasuka, lenye mbegu moja ndani, na miiba yake ya kichwani ni sepali zilizobadilika umbo. Alizeti ni ndugu yake: lile ganda lenye mistari ni ukuta wa tunda, na mbegu ni kile kilichomo ndani.

Yapo yale ambayo kipimo changu huhitaji kutumiwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu tunda moja kwa macho ni maua mengi yaliyoungana. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua. Katika fenesi, kila fungu la nyama ya manjano ni ua moja lililotungishwa, na nyama yenyewe ilitokana na sehemu zilizoizunguka ovari, huku zile nyuzinyuzi tunazotupa zikiwa maua yaliyokosa utungisho. Mkuyu huenda mbali zaidi, kwani maua yake yamefungiwa ndani ya kile tunachokiita tunda, na nyigu mdogo huingia kwa tundu la kichwani akiwa na chavua. Hizo chembechembe unazozihisi menoni ukitafuna kuyu lililoiva, kila moja ni tunda kamili lililotokana na ua moja, na mbegu imo ndani yake.