Upendeleo kwa wanajeshi wa zamani Marekani si hakikisho la kazi

Wengi huamini kwamba aliyetumikia jeshi la Marekani akiomba kazi serikali kuu, lazima aajiriwe. Sivyo. Kwanza atimize sifa za kazi yenyewe. Upendeleo huja baadaye.

Hata zile alama 5 au 10 za upendeleo, zinazosemwa sana kuwa huongezwa kwenye matokeo ya mwombaji, mara nyingi haziongezwi popote. Waombaji wakipangwa kwa makundi ya ubora, mwanajeshi wa zamani hutangulizwa mbele ya wengine wa kundi lake tu. Mwenye ulemavu uliotokana na utumishi jeshini, unaolipiwa fidia na uliokadiriwa kuwa asilimia 10 au zaidi, hupandishwa hadi kundi la juu kabisa, isipokuwa kwa kazi za kitaalamu na kisayansi za daraja la GS-9 (katika ngazi za mishahara ya serikali kuu) kwenda juu. Nafasi za kupandishwa vyeo ndani ya idara hazihusiki na upendeleo huu.

Makaratasi ndiyo huwaangusha wengi, na inauma kwa kuwa kosa lenyewe linazuilika. Ambatisha DD-214, yaani hati ya kuachwa jeshini, nakala ya 4. Nakala ya 1 haionyeshi uliachwa jeshini kwa hali gani. Anayedai alama 10 kwa ulemavu wake aongeze SF-15, fomu ya kuomba alama hizo, na barua ya Idara ya Wanajeshi wa Zamani inayouthibitisha.