Dawa ya pili ikishindwa, mtoto apewe rufaa

Haya nawaandikia madaktari na matabibu wanaowaona watoto wenye kifafa kabla hawajatufikia sisi mabingwa tunaochunguza kama upasuaji wa ubongo utawafaa, pamoja na wazazi ambao mtoto wao amebadilishiwa dawa mpaka wamekata tamaa.

Tangu mwaka 2010, ILAE, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, kimeeleza kifafa sugu hivi: dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, zikatumika kwa dozi ya kutosha na mtoto akazivumilia, zimeshindwa kukituliza. Mbili tu. Baada ya hapo, uwezekano wa dawa ya tatu au ya nne kukizima kabisa ni mdogo mno. Lakini bado napokea watoto waliojaribishiwa dawa nne au tano kwa miaka mingi, miaka ile ile ambayo ubongo ulipaswa kujifunza kusema na kucheza. Jambo hili linaniumiza.

Wapo ambao naomba niletewe mapema zaidi: mtoto ambaye MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, imeonyesha kovu, uvimbe au sehemu ya ganda la ubongo iliyoumbika vibaya tangu tumboni, mwenye ugonjwa wa Rasmussen, unaoharibu nusu moja ya ubongo hatua kwa hatua, na mwenye Sturge-Weber, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa mishipa ya damu ya ubongo na ngozi ya uso, anayeshikwa na kifafa mara kwa mara.

Kisingizio cha kutompa rufaa ninachokisikia sana ni kwamba MRI ni safi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kasoro inaweza kujificha, kwa kuwa utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva haujakamilika. Picha irudiwe akikua. Ulemavu wa akili nao haumfungii mtoto mlango.

Kumpa rufaa si kumpeleka kisuni. Tunamrekodi kwa EEG ya video, kipimo cha umeme wa ubongo kinachoenda pamoja na picha za video, tunaisoma upya MRI, tunapima kumbukumbu na lugha, kisha timu nzima inajadili kama chanzo kinaweza kuondolewa bila kumpokonya mtoto usemi au mkono wake. Wengine tunawaambia hapana, na hapo tunazungumzia mlo wa ketojeniki, wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, au kifaa kinachopandikizwa mwilini kusisimua neva ya vagasi iliyopo shingoni.

Katika utafiti wa Delhi uliochapishwa 2017, watoto na vijana 116 wenye kifafa sugu waligawanywa kwa kura. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 77 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa wakishikwa tena. Kwa waliobaki na dawa peke yake ni asilimia 7. Wazazi waambiwe na upande wa pili: theluthi moja ya kundi la upasuaji ilipata madhara makubwa, hasa udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ingawa mengi yalitarajiwa tangu mwanzo.

Kwenye barua andikeni umri alioanza kushikwa, kila dawa na dozi yake kwa kilo, na sababu ya kuiacha. Mzazi aje na video ya simu inayomwonyesha mtoto akishikwa. Na dawa anazotumia zisikatishwe wakati anasubiri.